UZI: Pennywise ni sura moja tu, muvi za It zimelipunguza dude la Stephen King

Wakuu salaam,

Uzi ni mrefu na una spoila za kitabu na muvi zote, kwa hiyo kama una mpango wa kuangalia It kwa mara ya kwanza wikiendi hii pita kushoto, utarudi ukimaliza.

Nimeamua kuuandika kwasababu kila mjadala wa muvi za kutisha ukifunguliwa lazima atokee mtu aseme Pennywise ni klauni muuaji, halafu mada inageuka nani mkali kati ya Tim Curry na Bill Skarsgård, waigizaji wawili waliomcheza, watu wanatoleana maneno kurasa tatu basi imeisha hiyo. Hilo la Curry na Skarsgård nitaligusa maana najua mtaniuliza tu. Ila kuna kitu kingine kinaniuma sana kwenye hizi muvi na sioni kikisemwa. Wamelichukua dude ambalo kazi yake ni kujigeuza kuwa chochote mtoto anachokiogopa, wakalivalisha nguo za klauni, halafu wakasahau kulivua. Na kwa kusahau hivyo wakapoteza na silaha ya wale watoto, ndio maana muvi ya pili inaisha vile inavyoisha.

Kwa ambao hawajui kabisa. Kitabu cha It cha mwandishi Mmarekani Stephen King kilitoka Septemba 1986, kurasa 1,138. Mji unaitwa Derry, upo jimbo la Maine Marekani, ni wa kubuni ila King kauchora kwa kuiangalia Bangor. Inaanza Oktoba 1957, dogo wa miaka sita anaitwa Georgie anakimbiza boti ya karatasi aliyotengenezewa na kaka yake Bill, mvua imepiga mpaka barabara zimejaa maji, boti inazama kwenye tundu la mtaro, dogo anachungulia na mule ndani kuna klauni ana maputo. Mkono unang'olewa, dogo anakufa pale pale. Kiangazi cha 1958 watoto saba waliotengwa na wenzao wanakutana na kugundua kwamba kila mmoja ameshaliona hilo dude kwa sura yake. Kuna Bill mwenye kigugumizi, Ben kibonge, Beverly anayepigwa na baba yake, Richie mropokaji, Eddie wa pumu, Stan kijana wa Kiyahudi mpenda ndege, na Mike ambaye ndio mweusi pekee kwenye genge. Wanalifuata huko chini ya mji wanalijeruhi, linalala. Linaamka kila baada ya miaka kama 27 hivi, kwa hiyo mwaka 1985 wanarudi wakiwa watu wazima kulimaliza.

Sasa hili wazo King amelieleza mwenyewe. Mwaka 1978 alikuwa anaishi Boulder, Colorado, siku moja anatembea kwenda kuchukua gari gereji, akapita kwenye daraja la mbao, akisikia viatu vyake vinavyogonga mbao akakumbuka ile hadithi ya Wazungu ya mbuzi watatu na zimwi linalokaa chini ya daraja. Baadae ndio akawaza vipi kama daraja ni mji mzima, na zimwi linaishi kwenye mitaro na mabomba chini ya mji. Kwa hiyo mzizi wake ni zimwi la ngano, na sisi tuliosimuliwa habari za zimwi linalokuja kuposa likiwa kijana mtanashati kila binti kijijini anamtaka, hii ya kujigeuza hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Turudi kwenye sura zake maana hapa ndipo utamu ulipo.

Ben anatoka shule jioni ya baridi kali, Januari, mfereji umeganda barafu, anamuona klauni amesimama juu ya barafu ameshika maputo, na maputo yanapepea kuelekea upepo unakotoka. Hebu fikiria hapo, hakuna damu, hakuna meno, ni maputo tu yanaenda kinyume na upepo na mwili unakusisimka. Anavyozidi kukaribia Ben anaona sio klauni tena ni ile maiti ya Kimisri iliyoviringishwa bandeji, kama aliyoiona kwenye sinema. Eddie anamuona mwenye ukoma anatoka chini ya kibaraza cha nyumba mbovu ya mtaa wa Neibolt namba 29, na Eddie ni mtoto ambaye mama yake amemjaza hofu ya magonjwa tangu azaliwe. Mike anaona ndege mkubwa kama nyumba, anakimbilia ndani ya bomba la moshi la kiwanda lililolala chini, anajitetea kwa kumrushia vipande vya vigae, na ndege yule katoka kwenye muvi ya Kijapani ya Rodan. Stan yeye ni wavulana waliozama, anajiokoa kwa kutaja majina ya ndege kwa sauti kutoka kwenye kitabu chake, moja baada ya jingine, mlango unafunguka. Ile sehemu huwa naisoma tena na tena.

Halafu Richie. Richie, Ben na Beverly wanaenda sinema kuangalia I Was a Teenage Werewolf ambayo kweli ilitoka 1957, ni ya mwanafunzi anayegeuka mtu-mbwa mwitu. Baadae Richie na Bill wanaenda Neibolt, kinachotoka mule ndani ni yule yule mtu-mbwa mwitu wa kwenye sinema, amevaa jaketi la sekondari ya Derry, na kifuani limetariziwa jina RICHIE TOZIER. Dude limeingia kichwani kwa mtoto, likachukua muvi aliyolipia kuingia, likaivaa, na likaandika na jina lake juu.

Mnaona lilipo tatizo la kuliita "klauni muuaji"? Klauni ni chambo. Mtoto anamsogelea klauni kwasababu klauni ana maputo na ametokea sarakasi. Akishasogea ndio anakuta alichokuwa anakiogopa. Na kitabu kinasema wazi kwanini linapenda watoto, hofu ya mtoto ina umbo, ukimwambia taja unachoogopa atakutajia mbwa mwitu, maiti, ndege mkubwa. Hofu ya mtu mzima imechanganyika mambo mengi, deni, ndoa, uzee, huwezi kuivaa kirahisi. Na hofu kwake ni chumvi, nyama ya mtoto aliyetishwa ni tamu zaidi.

SASA SHERIA YENYEWE

Hii ndio nataka muikamate kuliko vyote. Kwenye kitabu dude likivaa umbo linafungwa na sheria za lile umbo. Likiwa mtu-mbwa mwitu basi linaumizwa na silva, yaani madini ya fedha, kwanini, kwasababu kila mtoto aliyeangalia sinema anajua silva ndio dawa yake. Siku ile ya Neibolt Bill alikuwa na bastola ya baba yake, akapiga, haikusaidia kitu cha maana. Kilichowaokoa ni unga wa kupigisha chafya aliokuwa nao Richie na mbio za baiskeli. Bastola ya kweli inashindwa, unga wa utani unafanya kazi! Wakakaa wakafikiri kitoto kabisa, wakaenda kuyeyusha sarafu ya dola ya silva, wakapata gololi mbili, wakampa Beverly manati kwasababu ndio mwenye shabaha kuliko wote.

Wanarudi Neibolt wote saba. Beverly anapiga ya kwanza inakosa. Ya pili inapata. Gololi zimeisha, dude bado linakuja. Binti anavuta manati tupu, mkono hautetemeki, analiangalia machoni kama vile kuna ya tatu. Dude linakimbia linapotelea kwenye bomba la choo.

Wakuu hiyo sini ina kila kitu. Dude linalotumia imani ya watoto kuwala limenaswa na imani hiyo hiyo. Ndio maana na inhela ya Eddie inakuwa silaha, dawa ile ni maji matupu yenye ladha, mfamasia alishamwambia ukweli kwamba ugonjwa wenyewe ni wa kichwani kwa mama yake, lakini Eddie akiipulizia huku ameamini ni asidi ya betri basi inaunguza kama asidi ya betri. Na ndio maana kurudi kwao 1985 ni hatari kuliko mara ya kwanza, wamekuwa watu wazima, wana pesa, wana majina, na imani ya namna ile mtu mzima hana tena. King hakuweka hiyo miaka 27 kama mapambo.

Sasa tuone muvi zimeifanyia nini hiyo sheria.

1990

Hii ilikuwa ya televisheni, kituo cha ABC cha Marekani, usiku wa tarehe 18 na tarehe 20 Novemba 1990, dairekta Tommy Lee Wallace. Mwanzoni George Romero ndio alikuwa kwenye mradi na walikuwa wanafikiria kitu kirefu zaidi, mwisho wakabaki na usiku mbili. Jumla masaa matatu na kidogo kwa kitabu cha kurasa zaidi ya elfu, na ni televisheni ya kurushwa nchi nzima ya miaka ile, watoto kuliwa huwezi kuonesha.

Tim Curry nampa heshima yake yote. Jamaa anasimama mchana kweupe, jua linawaka, hana meno marefu muda mwingi, anapiga stori na dogo kwa sauti ya muuza duka mchangamfu na unaelewa kabisa kwanini Georgie alisogea. Chambo kimekamilika. Na waliacha walau kidogo kujigeuza, mtu-mbwa mwitu wa Richie yumo, na silva imo, hapa Beverly anatumia hereni za silva na manati. Kwa hiyo watu wanaoicheka hii ya 1990 kwa ajili ya ubora wa picha wajue kwamba sheria waliielewa vizuri kuliko waliokuja na mamilioni.

Kilichowaangusha ni buibui. Kwenye kitabu mwisho kabisa dude ni buibui jike mkubwa mwenye mimba, lakini King anasisitiza kwamba hilo ni umbo la karibu zaidi ambalo akili ya binadamu inaweza kulishika, nyuma yake kuna zile taa anaziita deadlights ambazo ukiziangalia akili inaondoka. Kwenye ukurasa inakaa, kwasababu msomaji anaona buibui huku anajua anachokiona sio chenyewe. Kwenye skrini kamera haina uwezo wa kusema "hiki sio chenyewe", kamera inaonesha mdoli mkubwa wa buibui anatembea kwa shida, na watu wanne watano wanamsukuma. Watu waliokaa usiku mbili kusubiri wakajisikia wameibiwa. Nawaelewa.

2017

Tarehe 8 Septemba 2017, miaka 27 baada ya ile ya kwanza, dairekta ni Andy Muschietti wa Argentina. Cary Fukunaga alikuwa nayo kabla akaondoka 2015. Muvi ikaingiza zaidi ya dola milioni 700 duniani. Skarsgård mwenyewe alizaliwa Agosti 1990, miezi mitatu kabla ya Curry kuonekana kwenye televisheni. Lile jicho moja linaloenda kando sio kompyuta, anaweza kulisogeza mwenyewe, na ule mdomo wa chini ni wake.

Niseme ukweli, hii muvi naipenda. Sini ya projekta gerejini ni kazi kubwa, zile slaidi za familia zinaanza kujibadilisha zenyewe, mama kwenye picha upepo unamfunua nywele taratibu, kubadili slaidi hawawezi tena kuzuia, na kinachotoka kwenye ukuta hakitoshi chumbani. Hapo ndipo unaona wamesoma kitabu. Na yule mwanamke wa kwenye mchoro anayemtisha Stan hayumo kwenye kitabu kabisa, Muschietti kamtoa kwenye hofu yake ya utotoni, nyumbani kwao kulikuwa na picha ya mtindo wa mchoraji Modigliani iliyokuwa inamtisha. Na imekubali! Kwasababu kafanya alichofanya King, kachukua picha ambayo mtoto halisi aliiogopa. Sura mpya sina shida nazo hata kidogo.

Shida ni kwamba wamehamisha hadithi mpaka 1988 na 1989, vizuri, sasa mtoto wa 1989 anaogopa nini kutoka sinema? Ukiangalia vizuri kuna sini nje ya jengo la sinema la Derry, bango limeandikwa A Nightmare on Elm Street 5. Freddy Krueger, yule muuaji wa ndotoni wa muvi hizo, yupo pale mtaani! Na kampuni ya New Line iliyotengeneza It ndio ile ile iliyotengeneza muvi za Freddy tangu 1984. Mtoto wa 1958 alipewa mtu-mbwa mwitu wa sinema ya mtaani kwake, mtoto wa 1989 alistahili kupewa wa kwake, mwenye kanuni zake, mtu anayekukamata ukisinzia. Hebu waza genge zima linajaribu kukaa macho usiku kucha kwasababu ndio kanuni ya lile umbo. Badala yake kila sura inageuka klauni baada ya sekunde kumi. Mwenye ukoma anamkimbiza Eddie, mara maputo, mara klauni. Yule mama wa mchoro, klauni. Richie ndio wamemmaliza kabisa, wamempa hofu ya maklauni, yaani mtoto pekee ambaye sura yake kwenye kitabu ina jina lake kifuani hapa hana sura.

Na silva imekufa. Manati imekufa. Beverly anachoma klauni kwa chuma. Wanashinda kwasababu wameacha kuogopa, na kuacha kuogopa ni jibu ambalo ungeweza kuliweka kwenye muvi yoyote ya mzimu. Kuna kitu kimoja tu kilinifurahisha pale mwishoni, Mike anampigia kelele Bill kwamba ile bunduki ya machinjioni haina kitu, Bill anafyatua hivyo hivyo, na dude linaumia. Hiyo ni manati tupu ya Beverly imerudi kwa mlango wa nyuma. Mtu aliyeandika pale alijua, ila hawakumpa nafasi ya kuijenga tangu mwanzo.

2019

Septemba 2019, masaa karibu matatu, James McAvoy, Jessica Chastain, Bill Hader. Iliingiza kama dola milioni 470, pungufu kabisa ya ile ya kwanza.

Hapa kuna sini moja inayonipa moyo, Beverly mkubwa anarudi kwenye nyumba aliyokulia, anafunguliwa na bibi mpole, anakaribishwa chai. Kwa dakika kadhaa hakuna linalotokea. Bibi anaganda katikati ya sentensi anamtazama tu, nyuma huko mlangoni anapita uchi, Beverly hajamuona, wewe umemuona. Hiyo imetoka kitabuni na wameiheshimu. Halafu wanaiharibu kwa kumtoa bibi mrefu wa kompyuta anapiga kelele anakimbia, na muvi nzima imejengwa hivyo, kila mmoja anaenda peke yake kutafuta kumbukumbu, kila mmoja anakutana na jitu la kompyuta, moja baada ya jingine mpaka unajua la kufuata litatoka wapi. Kichwa cha Stan kinaota miguu ya buibui na wakakopi mpaka utani wa muvi ya The Thing ya John Carpenter ya 1982, mashabiki wakashangilia, mimi nikawa najiuliza kati ya hawa nani ana hofu hiyo. Dude la King haliokoti umbo bila sababu, kila umbo lina mwenyewe.

Sasa angalia walivyomaliza. Mike anaitaja ile sheria, kwa mdomo kabisa, kwamba kila kiumbe hai lazima kifuate sheria za umbo kilichovaa. Dakika za mwisho! Masaa matano ya muvi mbili hakuna aliyewahi kuitumia, hakuna silva, hakuna gololi, halafu inatajwa pale kwenye pango kama mtu aliyekumbuka funguo. Wanaitumia vipi? Wanamzunguka wanamtukana, wewe klauni tu, wewe kinyago tu, anasinyaa mpaka anakuwa kama mtoto mchanga, wanamng'oa moyo wanaukamua. Moyo kukamuliwa kwa mikono kipo kitabuni, Bill anafanya hivyo, Ben anakanyaga mayai, na Eddie ameshakufa kwa kulipulizia inhela akiwa ameamini mpaka pumzi ya mwisho. Ila kule kuna gharama. Hapa watoto walioonewa utoto mzima na genge la Henry Bowers, mbabe wa mji, wanashinda kwa kumzunguka mtu na kumuonea. Mimi hilo haliniingii akilini mpaka leo.

——

Nimerudi wakuu, naona maswali.

Kuna mdau kasema nakuza mambo, muvi haiwezi kubeba sura kumi na mtazamaji wa kawaida anahitaji adui mmoja wa kumkumbuka. Mkuu naelewa hoja yako, ni hoja ya kibiashara na ina ukweli, bango la muvi linahitaji uso na watoto wanahitaji kitu cha kuvaa Halloween. Lakini jiulize ni sini gani za It watu wanazitaja bila kuombwa. Georgie kwenye mtaro. Projekta. Bibi wa chai. Mwanamke wa mchoro. Kwenye tatu kati ya hizo nne kinachokushika kinakushika kabla klauni hajatokea au hata asipotokea kabisa.

Mwingine kauliza kuhusu Mike, mbona sijamgusa. Nilikuwa namuwekea nafasi yake. Kwenye kitabu Mike ndio mwanahistoria wa Derry, yeye ndio anabaki mjini akiwa mkutubi, anaandika kila kitu. Anaandika kuhusu kiwanda cha Kitchener kilicholipuka 1906 wakati wa kutafuta mayai ya Pasaka, watu 102, wengi watoto. Na anaandika kuhusu Black Spot, klabu ya askari weusi iliyochomwa moto 1930 na kikundi cha wazungu wabaguzi watu wakiwa ndani. Baba yake Mike alikuwepo, alinusurika, na usiku ule aliona ndege mkubwa angani anabeba mtu, mabawa yamefungwa maputo. Mmeunganisha? Baba aliona ndege 1930, mtoto anaona ndege 1958. Hofu imerithiwa. Na wale waliochoma klabu hawakuwa na meno marefu, walikuwa majirani, wenye maduka. Dude linalala chini na mji juu unafanya kazi yake, watu wazima wanapita mtoto anapigwa barabarani wanageuza shingo.

Muvi ya 2017 ikachukua kazi ya historia ikampa Ben, Mike akabaki na bunduki ya machinjioni na mikono inayoungua nyuma ya mlango, wazazi wake wamekufa kwa moto, basi. Black Spot inatajwa juu juu. Ndege hayupo kabisa. Kwangu hilo ndio kosa kubwa kuliko hata la silva, kwasababu yule ndege ndio umbo pekee linalounganisha mtaro na mji. Na 2019 wakaanza na kuuawa kwa Adrian Mellon, kijana shoga anayerushwa mtoni, King aliandika hiyo baada ya kijana Charlie Howard kuuawa hivyo hivyo Bangor Julai 1984, tukio la kweli. Sini imepigwa vizuri na inaumiza, ila muvi haigeuki tena kuuangalia mji. Ukiondoa mji, dude linabaki jitu tu linaloishi shimoni.

Kuna aliyeniuliza kama ni kweli Wahindi walitengeneza ya kwao. Ni kweli, inaitwa Woh, ilirushwa Zee TV 1998, klauni kachezwa na mwigizaji anaitwa Lilliput. Ukipata vipande vyake angalia, ni uthibitisho kwamba wazo hili halihitaji Maine.

Na wengi mmeuliza kuhusu seriz, It: Welcome to Derry ya HBO, iliyoanza 26 Oktoba 2025. Inarudi nyuma mpaka 1962, mzunguko mmoja kabla ya ule wa 1989, Muschietti yumo na Skarsgård karudi. Hapa nina habari njema kwa upande wangu. Familia kuu ni akina Hanlon, ukoo wa Mike, baba ni mwanajeshi wa anga mweusi kahamishiwa Derry, na Black Spot safari hii imepewa uzito wake. Klauni wamemchelewesha sana, episodi za mwanzo dude linakuja kama kichanga chenye mabawa, linakuja kama vitu ambavyo kila mtoto kavibeba kutoka nyumbani kwao, na kuna sini ndani ya jumba la sinema ambapo dude linatoka kwenye skrini yenyewe kuwafuata watoto waliokaa. Nilipoiona hiyo nilisimama. Ndio wazo la Richie na jaketi lake, limechelewa miaka lakini limefika. Sio kila kitu kimekaa sawa, mambo ya jeshi yananichosha, na kompyuta bado ni nyingi, ila ukiniuliza nani kati ya wote ameelewa kwamba klauni ni chambo nitakwambia ni hawa.

Kwa anayetaka kuanza sasa hivi ushauri wangu anza na 2017, halafu seriz, halafu kama una muda ya 1990 kwa ajili ya Curry na manati. Ya 2019 angalia mpaka bibi wa chai. Kitabu ukikishika usiogope ukubwa, ila kina sehemu moja ya watoto kule chini ya mitaro karibu na mwisho ambayo hata mimi ninayekipenda naona haikupaswa kuwepo, na hakuna muvi iliyoigusa, walifanya vizuri kuiacha. Ukifika kwenye zile sura za Mike anapoandika historia ya mji, zile zinazoitwa interludes, usiziruke hata kama klauni haonekani. Hasa ile ya Black Spot, isome taratibu.

Anayekumbuka sura nyingine ya dude ambayo sijaitaja aiweke hapo chini, nataka tujadili Richie na sanamu la Paul Bunyan, yule mkata miti jitu wa ngano za Marekani.